Mavi Hayahitaji Kuwa Jiwe
Mhadhara wa umma, Arua



Mtaalamu mmoja wa mifupa amesema hadharani kwamba West Nile haifai kwa utafiti wa wanyama wa kale. Udongo wetu una asidi, mifupa huoza. Anayetaka visukuku aende Laetoli au Turkana. Kauli hiyo imenikera, nami nimekuja kuijibu.

Jibu langu ni mavi, si mifupa. Nakubali jambo moja: mavi ya mla majani hugeuka jiwe kwa nadra. Ya fisi hudumu kwa sababu yamejaa fosfati ya mifupa aliyoitafuna. Lakini nani alisema lazima tutafute jiwe? Asidi inayokula mfupa haiyeyushi mafuta. Utumboni mwa binadamu bakteria hugeuza kolesteroli kuwa koprostanoli. Kwa ng'ombe, mafuta ya aina hiyo, yaani steroli, mengi hutokana na majani. Mafuta haya hayachanganyiki na maji, hivyo mvua haiyaondoi kwa urahisi. Tena jino huhifadhi kumbukumbu ya kipindi lilipokuwa likiota, ilhali mavi hueleza mlo wa siku chache.

Mfano mzuri tunao wenyewe. Nchini Uganda kifaru mweupe aliishi magharibi ya Nile, mweusi mashariki. Mweupe hula nyasi. Mweusi huchuma vichaka. Nyasi za nchi za joto zina kaboni nzito zaidi kuliko majani ya miti, na tofauti hiyo hupita tumboni ikabaki kwenye kinyesi. Dume la kifaru mweupe hurundika mavi yake mahali pamoja na kuyapiga teke. Marundo hayo yalikuwapo katika hifadhi ya Ajai, hapa kwetu West Nile. Leo jamii hiyo, kifaru mweupe wa kaskazini, imebaki na majike wawili tu, Najin na Fatu, huko Ol Pejeta, Kenya.

Sasa niwapeleke Narok, Kenya, kwa utafiti ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 2018 Fiona Marshall, Stanley Ambrose na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa mazizi matano ya wafugaji wa kale, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Hawakukuta jiwe. Walikuta tabaka laini la kijivu, lenye fosforasi, kalsiamu na magnesi nyingi kuliko udongo wa jirani. Naitrojeni yake ilikuwa nzito, kwa kuwa mkojo na mavi vinapotoa amonia, naitrojeni nyepesi hutangulia kuruka na nzito hubaki. Juu ya mazizi hayo nyasi bado zimenawiri, na wanyama pori huzifuata huko kuzila. Hebu fikirini: ng'ombe waliokufa zamani zile bado wanalisha swala!

Karibu na Koboko mzee mmoja alinipeleka kwenye zizi lililohamwa. "Mwanangu, hapa mahindi hayahitaji mbolea," akaniambia. Nilichimba kidogo: juu udongo mweusi, chini wa kijivu laini, kisha ghafla udongo mwekundu.

Naitrojeni nzito pekee haithibitishi zizi. Hata moto na wanyama pori huibadilisha. Ndiyo maana tunaipima pamoja na fosforasi, steroli na vipande vya silika vya nyasi. Hata nikikubali hilo, msimamo wangu ni uleule: tuanzie Ajai, tulinganishe na mazizi ya zamani ya Koboko, na wazee ndio watuonyeshe pa kuchimba.