Hotuba ya Mwenyekiti: Fedha ya Dharura na Maumivu ya Tumbo



Mengine mtayasikia kwenye taarifa ya Mweka Hazina. Mimi nina jambo moja, tena linanihusu.

Mwaka wetu wa tatu, usiku, mwenzetu mmoja alinigongea mlango. Mume wake alikuwa na ngiri siku nyingi, na magunia ya mpunga alibeba hivyo hivyo. Usiku ule ngiri ilitoka ikakataa kurudi, ikawa ngumu, akatapika mfululizo. Mama akaomba fedha ya gari wafike Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Nikamjibu kwamba katiba inasema sanduku hufunguliwa kwenye kikao, na mwenye ufunguo wa tatu yuko shambani. Ni kweli, lakini jamani, ningeweza kuamsha majirani tukachanga. Nilirudi kulala.

Walifika hospitali kesho yake jioni. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeoza, kikakatwa. Kidonda kikatunga usaha, akalazwa wiki nyingi, na mpunga wao uliliwa na ndege.

Baadaye daktari mmoja alinieleza. Utumbo ukinaswa kwenye ngiri damu haipiti, na baada ya saa chache unaanza kufa. Hapo ni kupasuliwa tu, kuchua hakusaidii. Tena siyo ngiri peke yake. Kidole tumbo hupasuka, taifodi isiyotibiwa hutoboa utumbo, utumbo wenyewe huweza kujisokota. Na sisi kinamama kuna mimba kutunga nje ya kizazi, damu inamwagika ndani wala huioni. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au choo na hewa havitoki na mtu anatapika, usimpe dawa ya kuharisha wala mizizi. Akiwahi, wengi hupona. Akichelewa uchafu umeshaenea tumboni, na hapo tumepoteza watu.

Wenzetu wa Lupiro na Malinyi zamani walisubiri kivuko. Sasa wana Daraja la Magufuli, wanavuka hata usiku. Nauli ndiyo bado.

Basi tulibadilisha katiba. Fedha ya dharura haikai tena sandukuni, anayo Mweka Hazina nyumbani, na hana haja ya kuniuliza mimi. Wapo waliosema italiwa. Karibu yote imerudi, na ambayo haikurudi hatukuidai, palikuwa na msiba.

Yule mume wa mwenzetu yupo hapa leo, amekaa kule nyuma. Ameniruhusu niyaseme haya.