Zamu ya Burundi: Tunaupimaje Uenyekiti wa Nchi Ndogo?

Mhadhara wa umma, Makongeni, Thika



Tarehe 22 Julai 2022, mjini Arusha, Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi alipokea kutoka kwa Uhuru Kenyatta uenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliushika hadi 24 Novemba 2023, akamkabidhi Salva Kiir wa Sudan Kusini. Wengi wetu hapa Kenya tulisikika tukiuliza: Burundi itatuongoza kwa lipi? Nchi isiyofika kilomita za mraba 28,000, isiyo na bahari, ambayo wananchi wake walikuwa wakipanga foleni kutafuta petroli. Swali hilo limebeba dharau, na dharau hiyo inatufanya tupime kitu kisichofaa kupimwa.

Tuanze na kiti chenyewe. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini 30 Novemba 1999, unasema uenyekiti wa Wakuu wa Nchi ni wa mwaka mmoja, unakwenda kwa zamu, na maamuzi yao ni ya maafikiano. Mwenyekiti hapewi jeshi wala hazina, wala hawezi kumshinda mwenzake kwa kura. Kama mwenyekiti wa chama chochote cha akina mama hapa mtaani, alicho nacho ni kuita kikao, kupanga ajenda, na kuaminiwa na wanaogombana.

Uzito wa nchi ndogo katika mpango huo ulionekana 30 Novemba 2018. Wakuu walitarajiwa Arusha, Burundi haikuja, akidi haikutimia, na kikao hakikufanyika hadi 1 Februari 2019. Kususa huko kulikuwa na chanzo. Tarehe 13 Mei 2015, Pierre Nkurunziza, rais wa Burundi wakati huo, akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa Jumuiya ulioitwa kujadili mgogoro wa nchi yake, wanajeshi nyumbani walitangaza kwamba wamempindua. Jaribio lile lilishindwa, ila Bujumbura ikabaki na kinyongo kirefu. Kwa hiyo Ndayishimiye kupokea kiti mwaka 2022 kulikuwa kurudi kwa nchi iliyokuwa imejitenga na majirani, na hilo pekee naliandika upande wa mafanikio.

Upande huohuo naandika Bujumbura, 4 Februari 2023. Vita vya waasi wa M23 vilikuwa vikiwaka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na kikosi cha Jumuiya kilikuwa kimeanza kuingia Kongo mwezi Novemba. Ndayishimiye aliita kikao cha dharura, Félix Tshisekedi wa Kongo akaja na Paul Kagame wa Rwanda akaja. Kikao kilidai mapigano yakome mara moja na makundi ya kigeni yaondoke. Mapigano hayakukoma. Hata hivyo, kuwaketisha mahasimu hao wawili katika chumba kimoja ndiyo kazi halisi ya mwenyekiti, na nchi ndogo iliifanya.

Pamoja na hayo, mwamba ngoma huvutia kwake. Mwezi Agosti 2022, kabla mwezi mmoja haujaisha tangu akabidhiwe kiti, askari wa Burundi walikuwa wameingia Kivu Kusini kwa makubaliano kati yake na Kinshasa. Msuluhishi akawa tayari ana upande. Kikosi cha Jumuiya nacho kikakosa imani ya Kongo, iliyotaka kipigane, na Desemba 2023 kikafunga virago. Lawama hiyo yote si ya Burundi, lakini sehemu yake ni yake.

Je, kasoro hii ni ya udogo? Itazameni Rwanda. Mwaka 2018 Kagame aliongoza Umoja wa Afrika, na tarehe 21 Machi mjini Kigali nchi 44 zikatia saini mkataba wa eneo huru la biashara la bara zima. Februari 2019 alishika uenyekiti wa Afrika Mashariki, na kabla mwezi huo haujaisha mpaka wa Gatuna ukafungwa kwa ugomvi wake na Uganda. Kikao cha kawaida cha wakuu hakikufanyika tena hadi Februari 2021. Rais yuleyule, nchi ileile. Kigali ya 2018 haikuwa mdai. Gatuna ya 2019 ilikuwa kesi yake mwenyewe.

Na sisi wakubwa? Nendeni sokoni alfajiri, muuzaji anapokata kamba ya gunia la wavu: vitunguu vingi vimetoka Tanzania kupitia Namanga. Mahindi ya Uganda hupita Busia na Malaba hadi kwenye visagio vyetu. Kenya ilipewa kiti 27 Februari 2021. Tarehe 5 Machi, siku 6 baadaye, ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache marufuku ikalegezwa kwa masharti. Hofu hiyo siidharau hata kidogo: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, na wilaya ya Thika ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Ila mwenyekiti mwenye uwezo wa kuita mawaziri wa nchi zote alipaswa kuwaita kwanza, kisha ndipo afunge mlango kama ingelazimu.

Kenya ilikabidhiwa kiti tena 30 Novemba 2024, safari hii kwa William Ruto. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Ruto aliita kikao cha dharura kwa njia ya video, tarehe 29. Kenya ina bandari ya Mombasa, ina uchumi mkubwa kuliko wa Burundi mara nyingi, na askari wake ndio waliotangulia kufika Goma wakati wa kikosi cha Jumuiya. Kagame alishiriki. Tshisekedi, aliyekuwa amesafiri hadi Bujumbura miaka miwili kabla, safari hii hakujiunga hata kwenye skrini.