CHAGUA CHOMBO KABLA YA KUIGUSA FRIWILI

(Mazungumzo ya kamati ya ufundi kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani ili na waliokuwa zamu ya ghala wayasome.)



Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani ni kweli. Lakini kwenye baiskeli mambo ni kinyume: asiyechagua spana si fundi.

Siku hizi bodaboda zimejaa, lakini tuseme kweli, gunia la mahindi linafika ghalani kwa baiskeli. Maziwa yanakwenda kwa baiskeli, na mgonjwa anapelekwa zahanati amekaa kwenye karia. Na katika baiskeli yote, kitu kinachowashinda wengi ni friwili, ile gia ya nyuma inayolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga. Ikiteleza ukiwa unapanda mlima na mzigo, mguu unakwenda bure, unaanguka wewe na gunia lako. Ndiyo maana leo tunazungumza habari ya vyombo vya kuihudumia.

Kwanza tujue ndani yake kuna nini. Friwili ina sehemu mbili. Sehemu ya ndani imefungwa kwa hesi kwenye habu ya gurudumu. Sehemu ya nje ndiyo yenye meno ya cheni. Katikati kuna gololi ndogo sana, unene wake kama milimita 3, na vipande viwili vya chuma mfano wa kucha, kila kimoja na springi yake nyembamba. Ukikanyaga, vikucha vinang'ang'ania na gurudumu linakwenda. Ukiacha kukanyaga, vinaruka juu ya meno ya ndani, ndiyo ile tik-tik. Basi, ni hayo tu. Hakuna uchawi.

Chombo cha kwanza ni kopo la oili. Wengi wanakimbilia nyundo wakati dawa ni oili. Lifute vumbi, lilaze gurudumu, friwili iwe juu. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye ule mwanya kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, uizungushe mpaka uchafu utoke. Iache ikauke, kisha tia oili nyepesi. Mafuta ya taa yawe mbali na moto na mbali na watoto. Na jamani, tusitie grisi nzito humo! Grisi ikiganda, vikucha vinalala, havinyanyuki. Hapo ndipo kukanyaga bure kunapoanza. Mara nyingi oili peke yake inatosha, wala huna haja ya kufungua kitu.

Chombo cha pili ni spana ya vipini viwili, ya kufungulia kifuniko. Hii ni kwa friwili iliyokataa dawa ya oili, au inayoyumba sana, au ambayo ukiacha kukanyaga pedeli bado zinazunguka zenyewe. Kifuniko chake kina vitundu viwili, na spana hii ina vipini viwili vinavyoingia humo. Sasa sikilizeni vizuri: kifuniko hiki hufunguka kinyume. Ukitaka kukilegeza, zungusha upande ule unaofungia nati nyingine. Wangapi wamekaza huku wanadhani wanalegeza, mpaka vitundu vikaharibika? Tena kifungue friwili ikiwa bado iko kwenye gurudumu, maana gurudumu ndilo linaloishikilia.

Watu wengine hutumia msumari na nyundo. Kifuniko kinafunguka, hatukatai, lakini mara ya tatu vitundu vimekuwa mapango na hakuna spana itakayoshika tena. Spana hii mhunzi wetu anaweza kuitengeneza kwa bapa la chuma na vipini viwili vigumu. Apime kwanza umbali wa vitundu kwenye friwili yenyewe, asikisie kwa macho.

Kabla ya kufungua, tandika kitambaa cheupe ndani ya karai. Gololi zikimwagika kwenye vumbi, umekwisha. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inasaidia kuzitafuta. Kibano kinasaidia kushika zile springi. Chini ya kifuniko utakuta pete nyembamba kama karatasi, usizitupe, hizo ndizo zinazopima ulegevu. Hesabu gololi za kila upande uandike. Ukikuta zimeliwa, badilisha zote, usichanganye mpya na kuukuu. Kwenye njia ya gololi unaweza kupaka grisi kidogo ili zisianguke wakati wa kupanga. Kwenye vikucha, oili tu.

Chombo cha tatu ni kifungulio cha kuitolea friwili yote, kwa mfano spoki ikikatika upande wa cheni, au meno yakichongoka. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Friwili za baiskeli zetu za kawaida zina mikato miwili au minne, na kila moja ina kifungulio chake. Baiskeli za gia za mitumba nyingi zina mifereji midogo ndani, mingine 12, mingine 20. Hazifanani! Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Nenda na friwili kuukuu, au hesabu mikato upime upana kwa rula.

Namna ya kukitumia ni hii. Toa nati ya ekseli, ingiza kifungulio kwenye mikato, kisha rudisha nati ikishikilie kisichomoke. Funga kifungulio kwenye jiliwa la seremala, friwili ikiwa chini, ushike rimu kwa mikono miwili uizungushe kama unafungua kifuniko cha chupa. Ikiachia tu, simama! Legeza nati ya ekseli kwanza, ndipo uendelee. Ukisahau hilo, utavunja kifungulio au ekseli. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, basi usishangae ikiwa ngumu. Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye hesi na uanze kwa mkono, isije ikaingia upande na kuua habu.

Na tindo je? Tindo na nyundo huvunja ile mikato. Ikishavunjika, imebaki njia moja: fungua kifuniko, toa sehemu ya nje, kisha bana sehemu ya ndani kwenye jiliwa na kuzungusha gurudumu. Friwili hiyo hairudi tena.

Kuna pia mpini wenye kipande cha cheni. Huo ni kwa baadhi ya baiskeli za gia nyingi. Kwa friwili ya meno mamoja kama zetu hatuuhitaji, tusinunue kwa kuona unang'aa.

Ndugu wanachama, shauri letu kwa mkutano ujao ni hili. Ushirika ununue vifungulio viwili tu, cha mikato miwili na cha mikato minne, baada ya kuhesabu baiskeli zetu zina friwili za namna gani. Spana ya vipini itoke kwa mhunzi wetu. Vyombo vikae kwenye sanduku ghalani, mwenye kuazima aandike jina daftarini, na avirudishe siku ile ile vikiwa vimefutwa. Si haki kila mtu anunue chombo atakachokitumia mara moja kwa mwaka. Na si haki mzigo wa mwenzetu ulale njiani kwa sababu ya springi mbili na tone la oili.

Mwenye baiskeli aje Jumamosi tuhesabu mikato. Mwenye neno aseme mkutanoni.