Jasho Lisiloandikwa Daftarini

Hotuba kwa wananchi na waumini wa Kalamba



Waliotutangulia walipodai Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kifutwe, nacho kikafutwa Desemba 1991, walitaka kila mwananchi ahesabike. Leo twauliza: je, mwanamke amgeuzaye kitandani mama mkwe aliyepooza amekwisha kuhesabika?

Hapa Kalamba pana kiwanda cha matunda. Maembe yanayoingia hupimwa, na rojo inayotoka huandikwa, ikawa sehemu ya pato la taifa. Hata maji anayoteka mama kwa matumizi ya nyumbani, kanuni za kimataifa za hesabu za taifa huyakubali kuwa ni uzalishaji. Lakini akimwogeshea mgonjwa maji yayo hayo, kazi hiyo haihesabiwi! Mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985 ulitaka kasoro hii irekebishwe. Ule wa Beijing wa 1995 ukalikariri dai hilo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa utunzaji usiolipwa hufikia saa bilioni 16.4 kila siku, sawa na watu bilioni 2 wafanyao kazi kutwa bila ujira.

Na tupige hesabu yetu wenyewe. Tuseme mtunzaji hutumia saa 6 kwa siku, nasi tuzithamini kwa Sh. 50 tu kila saa. Hizo ni Sh. 300 kwa siku, na Sh. 109,500 kwa mwaka. Mpango wa Inua Jamii ulipofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, posho ilikuwa Sh. 2,000 kwa mwezi, yaani Sh. 24,000 kwa mwaka. Na hizo ni za chakula cha mzee, si ujira wa mtunzaji. Gharama iliyobaki hulipwa na shamba lisilopaliliwa, na binti aliyeacha kibarua Wote ili arudi nyumbani.

Sheria yasemaje? Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 champa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Neno ni "pamoja". Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yatambua kazi za nyumbani kuwa mchango, lakini baina ya mume na mke tu. Katika Sheria ya Urithi, mzazi mjane akifa bila wosia, watoto hugawana sawasawa. Aliyepewa mali na mzazi angali hai, mali hiyo hukatwa katika fungu lake. Aliyemwuguza mzazi miaka 10, miaka hiyo haitajwi. Naye mke wa mwana hayumo kabisa miongoni mwa warithi wa wakwe zake.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, katika vikao vya bajeti vya Makueni na Kitui, tudai fungu la kuwatembelea na kuwapokea zamu watunzaji. Pili, kila kanisa liunde mwethya wa wagonjwa, wanaume wakiwamo. Tatu, wazee waandike wosia mbele ya mashahidi wawili wakiwa na akili timamu, wamtaje aliyewatunza.

Bwana Yesu aliwakemea waliotumia Korbani kukwepa kuwasaidia wazazi wao. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuandikiwa mabinti peke yao.