Mita 60 za Kwanza Haziuzwi

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama, Kanda ya Ziwa. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Nimepewa dakika 15 niongelee ardhi. Ardhi ni pana jamani, kwa hiyo nabaki kwenye kipande kimoja: ile nyumba ya pili. Mtu ana nyumba yake mjini, maisha yamemnyookea kidogo, sasa anataka kajumba ka mapumziko ufukweni mwa Ziwa Victoria. Aje Ijumaa jioni, achome sato wake, Jumapili arudi kazini. Kumtaka mtu wa hivyo ajione mkosaji ni uonevu. Mimi mwenyewe nikipata hela nitaitaka hiyo nyumba, na nadhani nusu ya waliomo humu ndani pia. Shida yangu iko kwenye kile anachouziwa.

Dalali anakupeleka jioni. Upepo unavuma, maji yametulia, anakuonyesha kwa mkono: "Kuanzia mwembe ule mpaka majini." Hayo maneno mawili, mpaka majini, ndiyo yanapandisha bei. Na hayo maneno mawili hana mamlaka ya kuyauza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za mwambao wa ziwa miongoni mwa maeneo hatarishi. Mita 60 si padogo. Ni karibu upana mzima wa uwanja wa mpira. Sasa mtu kanunua kiwanja chenye urefu wa mita 70 kutoka majini. Piga hesabu mwenyewe amebaki na nini cha kujengea.

Halafu kuna swali ambalo madalali hawalipendi: mita 60 kuanzia wapi? Ziwa halikai mahali pamoja. Wazee wetu wanakumbuka mvua za 1961 na miaka iliyofuata, ziwa lilivyopanda likameza mashamba. Mwaka 2006 lilishuka sana, fukwe zikawa pana, watu wakapimiana viwanja kwenye mchanga ambao miaka michache nyuma ulikuwa chini ya maji. Mei 2020 likapanda tena mpaka kuvunja rekodi, na 2024 likaipita rekodi hiyo. Aliyenunua 2006 aliuziwa ufukwe ambao ziwa lilikuwa limeuacha kwa muda tu. Ukipelekwa kuona kiwanja, usimuulize dalali. Muulize bibi anayeuza nyanya pale njiani: mwaka 2020 maji yalifika wapi? Atakuonyesha hata mti. Hapo ndipo uanzie kuhesabu hatua zako.

Mtaniuliza, kwani hati haimlindi? Hati inakupa haki ya kutumia ardhi kwa masharti, na muda wake wa juu ni miaka 99. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati haifuti kifungu cha 57. Na asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi hii kwa ajili ya kujipumzisha. Kwa kawaida sheria inamruhusu kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake. Kwa hiyo ukiona mgeni ananunua kwa jina la kijana wa Kitanzania, huyo kijana siku yakiharibika ndiye atakayesimama mbele ya hakimu. Vijana wenzangu, msikubali kuazima majina yenu kwa laki mbili.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Kijijini kwetu kuna njia ya kwenda mwaloni. Ni njia tu, haina bango, imepitwa tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Miaka mitatu iliyopita akaja mnunuzi wa nyumba ya mapumziko. Ukuta ukapanda, ukashuka mpaka kwenye matete. Njia ikabaki ndani. Kina mama wakalalamika, likawekwa geti na mlinzi, na wakaahidiwa kuwa geti litafunguliwa kila siku saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Watu wakapiga makofi, wakasema mgeni ni muungwana.

Lakini dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inarudi alfajiri. Shangazi yangu anatakiwa awe mwaloni saa 11, achukue ndoo zake, awahi kuanika jua likichomoza. Saa 1 ni saa ya watalii. Kwa hiyo shangazi anazunguka kwa miguu karibu nusu saa, gizani, akiwa na ndoo kichwani wakati wa kurudi. Mabinti wanaochota maji kabla ya shule nao hivyo hivyo. Usiku wa mbalamwezi, dagaa wakiwa hawavuliwi, geti linatosha kabisa. Yaani muungwana wetu anatosha siku chache kwa mwezi.

Mimi sikwenda kugombana na mlinzi, naye anatafuta ugali wake. Nilikwenda ofisi ya kijiji nikaomba mhtasari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Halmashauri ni wajumbe wachache. Mkutano Mkuu ni wewe, ni shangazi, ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Nikaonyeshwa karatasi. Ni mhtasari wa Halmashauri. Nikauliza, wa Mkutano Mkuu uko wapi? Nikaambiwa "utatafutwa". Mpaka leo unatafutwa.

Mnaona jambo hili linavyowahusu pande zote mbili? Shangazi kapoteza njia. Na yule mnunuzi, ambaye pengine alilipa kwa nia njema kabisa, kajenga ukuta wa mamilioni juu ya karatasi yenye tundu. Akija kiongozi mwingine mwenye hasira naye, tundu hilo hilo litatumika kumtoa.

Na msidhani kifungu cha 57 kimelala. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, watu waliamka wakakuta X nyekundu ukutani, kisha tingatinga. Sheria iliyotajwa ilikuwa hii hii ya mita 60. Wengi walikuwa watu wa kipato cha chini ambao hawakuwa na nyumba nyingine ya kurudi. Mwenye nyumba ya mapumziko anayo. Kama futi ya kupimia inafika kwenye chumba cha mpangaji wa bondeni, ifike na kwenye kuta za ufukweni. Siombi huruma ya pekee kwa maskini hapo, naomba futi moja.

Kwa hiyo mwenye kaka, mjomba au bosi anayetaka kununua kando ya ziwa, mpeni kazi kabla hajatoa hata senti. Afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Apate mpimaji wake mwenyewe, asiwe yule wa dalali. Kama ni ardhi ya kijiji, aone mhtasari wa Mkutano Mkuu kwa macho yake, na asome walioketi. Aulize njia za watu zinapita wapi, aziache nje ya ukuta wake. Sheria ya Ardhi ina sehemu nzima kuhusu haki za kupita kwenye ardhi ya mwingine, na njia ya kijiji inaweza kutambuliwa rasmi. Akijenga nyuma ya mita 60 bado ataliona ziwa. Ziwa ni kubwa, halifichiki.

Na sisi tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi ukiitishwa sisi tuko kwenye simu. Vijijini kwetu ndipo ufukwe unapogawiwa, kwenye ajenda inayoitwa "mengineyo", saa ambayo watu wameshachoka na jua.

Nimetafsiri vifungu hivi vitatu kwa Kiswahili chepesi, nakala ziko mezani pale mlangoni. Kijijini kwetu mkutano ni mwezi ujao, na nimeshaandika barua kuomba suala la njia liwekwe kwenye ajenda kwa jina lake. Anayeweza kuja kukaa nami mstari wa mbele anione baadaye. Na kama una mhtasari wa kijiji chako kwenye simu, njoo nao tuusome pamoja.