Bahasha Isifunguliwe Njiani

(Hotuba ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi, Rongo)



Ukituma bahasha kwa matatu kutoka Migori hadi Homa Bay, unaifunga. Anayeipokea stejini naye huulizwa kitambulisho. Intaneti ni vivyo hivyo. Anwani inayoanza na https huonyesha kwamba mawasiliano yamefungwa, na kwamba tovuti imetoa cheti, yaani kitambulisho chake. Simu ikikuonya kwamba cheti hakiaminiki, huenda kuna mtu amekaa kati yako na tovuti hiyo.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikaidi. Nikiwa katika nyumba moja ya wageni, nilitumia Wi-Fi ya bure. Onyo likatokea, nami kwa haraka nikabonyeza “endelea”. Asubuhi nenosiri la barua pepe yangu lilikuwa limebadilishwa, na jamaa zangu wanaombwa pesa kwa jina langu. Shangazi alituma karo ya mwanawe. Pesa hizo hazikurudi.

Hata vyeti huweza kughushiwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyotoa vyeti, wakajipatia cheti bandia cha Google kilichotumiwa kuwanasa watumiaji nchini Iran. Vivinjari viliacha kuamini vyeti vya kampuni hiyo kupitia masasisho. Aliyepuuza sasisho alibaki hatarini.

Kwa hivyo, wakazi wenzangu:

1. Ukiona onyo la cheti, funga ukurasa. Mambo ya pesa yafanye kwa data yako, si Wi-Fi ya bure.

2. Soma anwani yote. Jina la tovuti ya serikali yetu huishia .go.ke, kama ecitizen.go.ke. Alama ya kufuli pekee haitoshi, kwani tapeli naye hupata cheti cha tovuti yake.

3. Sasisha simu na kivinjari.

4. Usimpe mtu PIN. Ujumbe wa kitapeli ukiingia kwenye laini ya Safaricom, utume kwa 333, bila malipo.

5. Ukiibiwa, piga ripoti polisi mapema. Kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018.

Na jamaa akikuomba pesa kwa ujumbe, mpigie kwanza umsikie sauti. Shangazi angenipigia, mtoto angekuwa darasani siku ile.