Ardhi na Maji ya Nairobi



Watu wengi huufahamu mji wa Nairobi kwa majumba na barabara zake, lakini ni wachache waifikirio ardhi iliyoubeba. Jina lenyewe lilitoka kwa Wamaasai, ambao walipaita mahali hapa pa maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, wajenzi walitua hapa kwa sababu palikuwa na maji, na kwa kuwa hii ilikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kuanza kupanda kwenda ukingo wa Bonde la Ufa.

Katikati ya mji ni karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda magharibi nchi huinuka, kupita Kilimani, Lavington na Kangemi, hata kufika Limuru, penye kimo cha zaidi ya meta 2,200. Miamba ya sehemu hizi ilitokana na volkano za zamani sana. Kwayo watu wamepata mawe ya kujengea, na udongo mwekundu wenye rutuba, ambao hunyonya maji vizuri. Upande wa mashariki udongo ni mweusi. Mvua ikinyesha huvimba na kunata, na jua likiwaka hupasuka.

Maji hufuata mkondo. Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukashuka mjini na kuingia mto Athi, ambao maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Hapo mwanzo chemchemi za Kikuyu ziliunywesha mji. Watu walipoongezeka, maji yalitafutwa mbali, katika milima ya Nyandarua: bwawa la Sasumua lilimalizika mwaka 1956, na la Ndakaini mwaka 1994.

Hata hivyo, mteremko ule uletao maji waweza kuleta msiba. Udongo mwekundu ukifunikwa kwa saruji na lami, mvua haina pa kuingia. Hukimbilia mtoni yote kwa mara moja, nao wakaao chini ndio waumiao. Mwezi wa Aprili 2024 mito ilifurika, watu wakafa, na maelfu wakapoteza makazi, hasa Mathare na Mukuru.

Kwa hiyo mwenye kiwanja cha juu ni jirani wa mtu wa bondeni, ijapokuwa hawajuani. Yafaa aache sehemu ya udongo wazi, apande miti, na kukinga maji ya paa katika tangi. Naye mwenye kiwanja kando ya mto asitupe taka majini, wala asijenge nyumba za kupangisha ukingoni. Kinamasi cha Ondiri nacho kisijazwe udongo, kwa maana kikikauka, Mto Nairobi utakosa chanzo chake.